Tulimjengea binti chumba, kikameza ada yake

WAZAZI wenzangu, leo nawasimulia aibu ya nyumbani kwangu. Huenda ikamwokoa mmoja wenu anayepanga kuongeza chumba mwaka huu.

Binti yetu mkubwa alikuwa anaingia darasa la saba, na bado alikuwa akilala chumba kimoja na wadogo zake wawili wa kiume. Mimi na baba yake tukaona wakati umefika awe na chumba chake. Tunaishi pembezoni mwa Dar es Salaam na nyuma ya nyumba kuna nafasi. Tukamwita fundi. Alipima kwa hatua za miguu, akautazama ukuta, akasema: "Mama, hapo andaa milioni 4 tu, mtoto anahamia."

Tukaanza Januari. Machi fedha zikaisha, kuta zikiwa zimefika kwenye linta. Masika yakatukuta hatuna paa. Mifuko 6 ya saruji tuliyoipanga chini sakafuni ilivuta unyevu ikaganda kama mawe. Kwa hofu ya kuta kuharibika, tulichukua fedha ya awamu ya pili ya ada tukanunua mbao na mabati. Binti akarudishwa nyumbani siku 9, katika mwaka wa mtihani wa taifa. Mtihani aliufanya Septemba. Chumba kilikamilika Oktoba, kwa milioni 7 na laki 1.

Je, fundi alituibia? Hapana. Alichokuwa anakisema yeye ni boma. Tulichokisikia sisi ni chumba chenye mlango, taa, rangi na kitanda. Hakuna aliyemuuliza mwenzake milioni 4 hiyo inaishia wapi.

Pima kwanza, bei baadaye

Jirani yetu mmoja ni mkadiriaji majenzi. Yote yalipokwisha, alikaa nasi jioni moja na daftari, akatuonyesha hesabu ambayo tungeweza kuifanya wenyewe tangu mwanzo.

Chumba chetu kina urefu wa mita 4 na upana wa mita 3.5, na kimeegemea ukuta wa nyumba kwa upande ule wa mita 4. Kwa hiyo kuta mpya ni tatu: 4 na 3.5 na 3.5, jumla mita 11. Zidisha kwa kimo cha mita 3, unapata mita za mraba 33. Toa madirisha mawili ya mita 1.5 kwa 1.5, zinabaki 28.5.

Mita moja ya mraba ya ukuta hula karibu matofali 10 ya inchi 6. Hapo ni 285. Msingi wa kozi 5, kila kozi matofali 24, ni mengine 120. Ongeza 20 ya yatakayovunjika njiani. Jumla 425. Sisi tulikuwa tumeagizwa 300.

Jamvi nalo: mita za mraba 14 kwa unene wa sentimita 10 ni mita za ujazo 1.4 za zege. Kwa mchanganyiko wa saruji 1, mchanga 2 na kokoto 4, hiyo ni karibu mifuko 9 ya kilo 50.

Paa ndilo linalodanganya wengi. Chumba ni mita za mraba 14, lakini bati hutoka nje ya ukuta. Ukiacha sentimita 60 kwa pande tatu, eneo linakuwa zaidi ya mita za mraba 21, na hapo hujahesabu mwinamo wala bati kulaliana. Plasta vilevile hupigwa ndani na nje, hivyo ukuta uleule unauhesabu mara mbili, tena usisahau ule wa zamani ambao sasa umekuwa wa ndani.

Ukishapata vipimo, ndipo uende dukani. Omba bei kwa maandishi katika maduka matatu na uandike tarehe, maana bei ya saruji ya leo si ya miezi mitatu ijayo. Uliza kama usafiri umo. Kwenye mabati uliza geji: namba ikiwa kubwa, bati ni jembamba. Geji 30 ni nyepesi kuliko geji 28, kwa hiyo bei ya chini si lazima iwe nafuu.

Yale yasiyotajwa

Tulipopitia risiti zetu, tulikuta fedha nyingi zilipotea kwenye vitu ambavyo hatukuviandika kabisa: lori la mchanga, maji ya kujengea, mbao za kufungia linta, misumari, waya wa kufungia nondo, kubeba kifusi, na chakula cha mafundi.

Kuunganisha chumba na nyumba ya zamani kuna gharama zake. Ukuta wa zamani hutobolewa ili kupata mlango, na juu ya tundu hilo lazima kuwe na linta. Bati la zamani hufunguliwa pembeni. Msingi mpya hutulia polepole wakati ule wa zamani umeshatulia, ndiyo maana ufa hutokea kwenye maungio. Muulize fundi mapema atalishughulikiaje jambo hilo, na mwandike bei yake. Umeme mpe fundi mwenye leseni ya EWURA. Na kabla ya yote, ulizia kibali cha ujenzi katika halmashauri yenu na mkiweke kwenye bajeti, kwa sababu kuvunjiwa ni ghali kuliko kibali.

Ukipata jumla, ongeza asilimia 15 ya dharura. Nyumba kuukuu haikosi jambo pale unapoitoboa.

Hatua ambazo mvua haiziharibu

Jirani alitupa kanuni moja ambayo sasa naishikilia: usianze hatua ambayo huwezi kuifikisha mahali salama. Jamvi likishamwagwa na kukauka linaweza kusubiri mwaka. Chumba kilichopauliwa kinaweza kusubiri plasta na rangi. Kuta zilizoachwa wazi kwenye linta hazisubiri. Ndizo zinazowapeleka watu kuchukua ada.

Sisi tungejenga msingi na jamvi mwaka wa kwanza, tukaweka fedha, halafu kuta na paa kwa mpigo mmoja wakati wa kiangazi. Mafundi nao tungewalipa kwa hatua iliyokamilika, si kwa siku. Binti angesubiri chumba, lakini asingekosa darasa.

Kama kazi ni kubwa, mathalani vyumba viwili au kupandisha ghorofa, usijikadirie mwenyewe. Tafuta mkadiriaji majenzi aliyesajiliwa akuandalie mchanganuo, ule ambao mafundi huuita BOQ. Utamlipa, lakini utajua fedha inaishia wapi kabla haijaisha.

Mwisho, jambo la mimi na baba watoto. Ada sasa ipo kwenye akaunti yake, na hakuna anayeigusa bila mwenzake kuweka sahihi. Daftari la ujenzi lipo juu ya kabati, kwa sababu wavulana nao wanakua na wameanza kuuliza chumba chao. Safari hii binti ndiye aliyeshika futikamba. Amepima mwenyewe, akaandika kuta tatu, mita 11.

Baba yake alipomwambia tunaanza mwezi ujao, alimtazama akauliza: "Hadi kupaua, baba, au hadi linta?"

Bado tunaweka fedha.