Rasi ya Krimea na Wenyewe

Kaskazini mwa Bahari Nyeusi, pale pwani ya Ukraine inapoelekea kusini, imetokeza rasi ambayo ukubwa wake ni kiasi cha kilomita za mraba 27,000, yaani yaizidi nchi ya Rwanda kwa kidogo tu, nayo imeshikamana na bara kwa shingo nyembamba ya ardhi iitwayo Perekop, ambayo mahali pake pembamba hapafiki kilomita kumi. Upande wa mashariki mlango wa bahari wa Kerch waitenga na ardhi ya Urusi. Sehemu ya kaskazini ni mbuga tambarare, kavu, yenye upepo na baridi kali; kusini imesimama milima ambayo kilele chake kirefu, Roman-Kosh, chafika mita 1,545, nayo huikinga ile pwani ya Yalta isipigwe na baridi ya bara, hata zabibu zikastawi na wenye mali wakajenga majumba ya kupumzikia. Aliyeimiliki mbuga alipata malisho ya farasi, na aliyeimiliki bandari ya Sevastopol, yenye kina kirefu na iliyohifadhika na dhoruba, alipata nguvu juu ya bahari ile nzima. Na hii ndiyo asili ya vita karibu vyote nitakavyovitaja.

Wagiriki walitangulia kujenga miji pwani, mmojawapo ukiwa Chersonesos, ambao magofu yake yangaliko karibu na Sevastopol, na ambamo mapokeo yasema mfalme Vladimir wa Kiev alibatizwa mwaka wa 988. Wakaja na kupita Waskiti, Wagoti na Warumi, kisha wafanyabiashara wa Genova wakaushika mji wa Kaffa, ambao leo waitwa Feodosia, ilhali bara ilikuwa chini ya Wamongolia na Waturuki waliokuwa wakisilimu. Ibn Battuta, yule yule aliyezuru Mombasa na Kilwa mwaka wa 1331, alifika Kaffa katika miaka iliyofuata, akashukia msikitini, na aliposikia kengele za makanisa zikilia pande zote alishtuka, kwa kuwa hakuwa amezizoea, akawaamuru wenzake wapande mnarani wasome Kurani na kuadhini. Kadhi wa mji akamjia mbio na silaha zake, akihofu kwamba wageni wamefikwa na baya. Kisa hiki chaonyesha, kuliko maelezo marefu, jinsi kaumu mbalimbali zilivyokaa bega kwa bega katika mji mmoja, kila mmoja akimchunga mwenziwe.

Katika karne ya 15 Haci Giray aliasisi ufalme wa Watatari wa Krimea, na baada ya Waturuki wa Osmani kuiteka Kaffa mwaka wa 1475, wafalme wa ukoo wa Giray, ambao lakabu yao ni Khani, walitawala kwa himaya ya Sultani wa Istanbul kwa miaka mia tatu. Makao yao yalikuwa Bakhchysarai, na kasri yao ingaliko, pamoja na ile chemchemi ya Selsebil ya mwaka wa 1764 ambayo mshairi Pushkin aliitungia utenzi uliowapendeza mno Warusi. Dola hiyo ilikuwa na nguvu: mwaka wa 1571 Devlet Giray aliuchoma moto mji wa Moscow. Lakini haifai mwandishi aifiche aibu ya dola ile, kwani hazina ya Khani ilijazwa kwa fedha ya watumwa. Wapanda farasi wake waliingia nchi za Ukraine, Poland na Urusi, wakateka watu kwa maelfu na kuwauza katika soko la Kaffa. Sisi wa pwani hii, tuliowahi kuwa na soko la namna hiyo Mkunazini huko Unguja, twajua kwamba kumbukumbu ya biashara ile haifutiki upesi katika vifua vya waliouzwa.

Mwaka wa 1783 malkia Ekaterina wa Urusi aliitwaa Krimea, na mwaka ule ule ikaanzwa ngome ya Sevastopol. Khani wa mwisho, Şahin Giray, aliyedhani kwamba Warusi wamemweka ili atawale, aliondolewa bila ya vita.

Vita vilivyolitangaza jina la Krimea duniani kote vilianzia mbali, Bethlehemu na Yerusalemu, kwa mzozo wa mapadri wa Kikatoliki na wa Kiorthodoksi juu ya haki zao katika mahali patakatifu. Mfalme wa Urusi akadai kuwa mlinzi wa Wakristo wa Kiorthodoksi wote walio raia wa Sultani, Sultani akakataa, na Uingereza na Ufaransa, zilizochelea Warusi wasije wakaishika Istanbul, zikamsaidia. Majeshi yao yalishuka Krimea mwezi wa Septemba 1854, wakaihusuru Sevastopol kwa siku 349. Warusi walizizamisha merikebu zao wenyewe mlangoni mwa bandari ili adui asipite, na maamiri wao wawili, Kornilov na Nakhimov, wakauawa juu ya maboma. Miongoni mwa maofisa wa mizinga alikuwamo kijana Tolstoy, ambaye habari alizoziandika kutoka mahali pale zilimpatia sifa. Maradhi yaliua askari wengi kuliko risasi. Ndipo Florence Nightingale alipopata jina kwa kazi yake katika hospitali ya Üsküdar, na ndipo Mary Seacole, mama mweusi wa Jamaika aliyekataliwa London alipoomba kwenda kuuguza, alipojilipia nauli, akafungua karibu na Balaklava nyumba ya chakula na dawa kwa askari. Huyu wa pili hatajwi nusu ya anavyotajwa yule wa kwanza, na kwa maoni yangu hiyo ni dhuluma.

Katika vitabu vingi vya vita vile Watatari hawaonekani kabisa, utadhani mapigano yalikuwa katika nchi isiyokaliwa. Walakini wao ndio walioshukiwa kuwa wasaliti, na baada ya mkataba wa Paris wa mwaka wa 1856 wapatao 200,000, kwa makadirio, walihamia nchi za Sultani. Waliobaki walipata mwalimu, Ismail Gasprinsky, aliyezaliwa mwaka wa 1851 na kuwahi kuwa meya wa Bakhchysarai. Yeye aliona kwamba kaumu iliyonyang'anywa dola na ardhi haitaokoka ila kwa elimu. Mwaka wa 1883 akaanzisha gazeti la Tercüman, na mwaka uliofuata chuo ambamo watoto walifundishwa herufi kwa sauti zake, wakaweza kusoma kwa muda mfupi, badala ya kukariri miaka na miaka wasichokifahamu. Mtindo huo ulienea hata Asia ya Kati. Binti yake Şefiqa alihariri gazeti la wanawake. Kwangu mimi huyu ndiye mkuu wa watu wote waliozaliwa katika rasi ile, wafalme na majemadari wakiwamo.

Matunda ya kazi yake yalionekana mwaka wa 1917, Watatari walipoitisha Kurultai, bunge lao, ambalo wanawake walilipigia kura na kuingia. Kiongozi wa serikali yake, mufti na mshairi Noman Çelebicihan, aliuawa na Wabolsheviki mjini Sevastopol mwezi wa Februari 1918, na maiti yake ikatupwa baharini.

Wajerumani waliingia mwaka wa 1941, wakawaua Mayahudi wa Krimea, na wale Wakrimchaki wenye lugha kama ya Watatari wakiwamo. Sevastopol ikastahimili siku 250 kabla ya kuanguka. Jeshi Jekundu liliporejea, Stalin aliwahukumu Watatari wote kuwa ni washirika wa adui, kwa kuwa baadhi yao walikuwa wamewatumikia Wajerumani. Alfajiri ya tarehe 18 Mei 1944 askari waliingia nyumba kwa nyumba, wakawapa watu dakika chache za kufungasha, na kwa siku tatu watu zaidi ya 180,000, wengi wao wanawake, wazee na watoto, wakapakiwa katika mabehewa ya mizigo na kupelekwa Uzbekistan na kwingineko, ambako njaa na maradhi viliwaua kwa maelfu. Waume zao walikuwa vitani wakiipigania serikali ile ile. Amet-Khan Sultan, rubani mzaliwa wa Alupka, mwana wa mama Mtatari, alipewa nishani ya Shujaa wa Umoja wa Kisovieti mara mbili. Majina ya vijiji yakabadilishwa, na mwezi wa Februari 1945 Churchill, Roosevelt na Stalin wakakutana Yalta kuugawa ulimwengu, kando ya vijiji vilivyokwisha kuhamwa.

Mustafa Dzhemilev alikuwa mtoto wa miezi sita siku ya kuhamishwa Watatari wenzake. Alipokua alidai haki ya kurudi kwao bila ya kushika silaha, akafungwa mara nyingi, na mwaka wa 1975 akagoma kula kwa siku 303 huku akilishwa kwa nguvu. Kuanzia mwaka wa 1989 watu wake walirejea kwa wingi, wakakuta nyumba zao zina wengine, wakajenga vibanda katika viwanja vitupu.

Krimea ilikuwa imekabidhiwa kwa Ukraine mwaka wa 1954. Sensa ya 2001 ilionyesha kwamba, ukiuacha mji wa Sevastopol, Warusi walikuwa asilimia 58 na Watatari asilimia 12, na Warusi hao wana makaburi na mapenzi yao pale, jambo ambalo mwenye insafu halikani. Lakini wingi uliopatikana baada ya wenyeji kuhamishwa si hoja ya kuhalalisha utekaji. Mwaka wa 2014 Urusi iliitwaa rasi kwa askari wasio na alama, na mataifa 100 yakaupinga utwaaji huo katika Umoja wa Mataifa, 11 yakaukubali. Dzhemilev akakatazwa kuingia nchini mwake. Mwaka wa 2016 baraza la Watatari, Mejlis, likapigwa marufuku. Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamuru mwaka uliofuata kwamba marufuku hiyo iondolewe, na mwezi wa Januari 2024 ikahukumu kwamba Urusi imeivunja amri hiyo.