Fimbo za Usukani wa Motokaa na Jinsi ya Kuzitunza



Mavuno hayajawa mali siku ile gunia la mwisho la maharagwe lifungwapo. Huwa mali yakisha kufika sokoni, na katika milima yetu hapana budi yachukuliwe kwa motokaa. Lami imefika sehemu za barabara kuu, lakini njia nyingi za mashambani zingali za udongo, zenye mashimo wakati wa mvua na vumbi wakati wa kiangazi. Basi mwenye pikapu au lori, na hata yule akodiye tu, yafaa ajue habari za fimbo za usukani, ambazo mafundi huziita tairodi.

Siku moja nilipanda pikapu iliyobeba maharagwe. Tulipokuwa tukipanda kilima polepole, gurudumu la kushoto liligeuka nje lenyewe, na la kulia likabaki limenyoka. Kifundo cha fimbo kilikuwa kimechomoka. Mwenye motokaa alikiri kwamba kwa majuma mawili alisikia mgongano chini ya miguu yake, akangoja kwanza auze mazao. Hatukuumia, maana tulikuwa tukipanda. Kama tungalikuwa tukiteremka, nani angalisimulia?

Kazi ya fimbo hizi. Ugeuzapo usukani, fimbo ndizo zisukumazo na kuvuta magurudumu ya mbele. Katika malori mengi yenye ekseli nzima mbele, fimbo moja ndefu huunganisha magurudumu yote mawili. Katika motokaa ndogo nyingi iko moja kila upande. Tena huyaelekeza magurudumu pamoja, na penye kona hulifanya la ndani ligeuke zaidi kuliko la nje, kwa kuwa duara lake ni dogo. Wazo hili ni la zamani kuliko motokaa: Mjerumani Georg Lankensperger alilibuni kwa magari ya farasi, na mwaka 1818 Rudolph Ackermann akalipatia hati ya haki katika mji wa London.

Umbo la kifundo. Mwenye kuchinja mbuzi ameona jinsi kichwa cha mfupa wa paja kinavyozunguka ndani ya tundu la nyonga. Kifundo cha fimbo ni vivyo hivyo: tufe la chuma ndani ya kikombe, lenye grisi, na juu yake kifuniko cha mpira. Mpira ukipasuka, vumbi huingia, likachanganyika na grisi na kulisaga tufe kama kinoo kisagavyo kisu.

Dalili za ubovu. Usukani huchezacheza kabla magurudumu hayajaitika. Mgongano husikika penye mashimo. Motokaa huvuta upande mmoja. Tairi za mbele huliwa ukingo mmoja. Ukiona mojawapo, usingoje ya pili.

Jinsi ya kuangalia. Simamisha motokaa mahali tambarare, zima injini, uzuie magurudumu kwa mawe. Mtu mmoja autikise usukani kidogo kidogo, mwingine aweke mkono juu ya kila kifundo. Kilicho kizima husogea pamoja na fimbo. Kilichokufa hugonga mkononi. Usiingie kamwe chini ya motokaa iliyoshikwa na jeki peke yake.

Jinsi ya kupima. Piga alama ya chaki katikati ya kila tairi la mbele, upande wa nyuma, kwa kimo cha ekseli. Pima nafasi iliyo kati ya alama. Sukuma motokaa mbele hata alama zifike upande wa mbele kwa kimo kile kile, upime tena. Tofauti iwe ile iliyoandikwa katika kitabu cha motokaa, nayo kwa kawaida ni milimita chache tu. Ikizidi kwa milimita 10, katika tairi la upana wa milimita 600 kutoka mbele hata nyuma, kila gurudumu huburuzwa kiubavu kadiri ya mita 8 katika kila kilomita moja. Hivyo ndivyo fedha ya maharagwe iishavyo katika tairi.

Matengenezo. Kifundo chenye chuchu ya grisi kitiwe grisi mara kwa mara. Kisicho nayo kikilegea, kibadilishwe. Fundi akitoa cha zamani ahesabu mizunguko, akifunge kipya kwa mizunguko ile ile, atie pini mpya katika nati ikiwa ina pini, kisha magurudumu yapimwe. Msikubali kifundo kuchomelewa wala kufungwa kwa mpira, wala fimbo iliyopinda kunyoshwa motoni.

Jembe likilegea katika mpini, hakuna mkulima anayelima nalo hata jioni, hulikaza kwanza. Na kifundo cha usukani, mara nyingi, hubisha hodi kabla ya kuchomoka. Kisikilizeni kabla ya kupakia magunia, na hasa kabla ya kupandisha watu juu yake.