Ukuta wa Kuzuia Udongo Nyuma ya Nyumba

Nchi ya Kibugu, katika Kaunti ya Embu, ni nchi ya migongo na mabonde. Iko katika mteremko wa Mlima Kenya, na udongo wake ni mwekundu, wenye kina kirefu, unaofaa kahawa na majani chai. Lakini mtu atakaye kujenga nyumba huko huona kuwa mahali tambarare ni haba. Basi huukata mteremko apate uwanja, na nyuma ya nyumba hubaki genge la udongo. Genge hilo ndilo lihitajilo ukuta, na ukuta huo ukianguka usiku wa mvua, waliolala chini yake ndio wapatao hasara.

Wengi hudhani kuwa adui wa ukuta ni udongo peke yake. Udongo ni mzito kweli, lakini adui mkubwa zaidi ni maji. Mvua za Machi hadi Mei, na zile za Oktoba hadi Desemba, hupenya ardhini, na maji yasipopata njia hujikusanya nyuma ya ukuta. Ukuta wenye kimo cha mita 1, maji yakijaa nyuma yake, husukumwa kwa nguvu ya kilo 500 hivi katika kila mita ya urefu wake. Kimo kikiwa mita 2, nguvu hiyo huwa kilo 2,000, yaani mara nne. Kwa sababu hiyo, kuta mbili fupi zilizoachiwa nafasi ya kutosha katikati, mfano wa matuta ya shamba, ni salama kuliko ukuta mmoja mrefu.

Kabla ya kuchimba, yafaa mwenye nyumba atazame maji yatokako na yaendako. Mvua ya milimita 50 ikinyesha juu ya paa lenye mita 80 za mraba, hutoa lita 4,000 za maji. Maji hayo yapitishwe katika mifereji ya bati mpaka kwenye tangi, wala yasiachwe kumwagika juu ya ukuta. Choo cha shimo na zizi la ng'ombe visiwekwe juu yake. Tena haifai kumwelekezea maji jirani akaaye chini, maana hasara yake italeta ugomvi.

Kazi yenyewe ni bora ifanywe katika miezi mikavu ya Januari na Februari. Msingi uchimbwe mpaka udongo mgumu wa asili, si juu ya udongo uliomwagwa. Ukuta wa mawe uegemee kidogo upande wa genge. Nyuma yake zijazwe kokoto kwa unene wa sentimita 30 hivi, na chini yaachwe matundu ya kutolea maji, yaliyoachana kwa mita 1.5 au 2. Juu ya genge uchimbwe mtaro wa kukinga maji yatokayo mlimani. Ukuta uzidio kimo cha mtu usijengwe bila shauri la mhandisi, na ruhusa ya kaunti iombwe kwanza.

Ukuta ukiisha, ardhi iliyo juu yake isiachwe wazi. Nyasi zenye mizizi mingi, kama vetiva, hushika udongo vizuri. Mkaratusi na mgrevilea ipandwe mbali, kwani mizizi ya mti mkubwa hupenya kati ya mawe, na upepo uutikisapo mti huitikisa ardhi pia. Migomba nayo isisongezwe ukingoni, kwa kuwa mashimo yake hukusanya maji. Chini ya ukuta panafaa maua na mboga, mradi matundu yasizibwe.

Baada ya kila mvua kubwa, mwenye nyumba aukague ukuta wake. Matundu yakiwa makavu wakati ardhi imelowa, yameziba, nayo yazibuliwe mara moja. Ukuta ukivimba katikati, au ukiinamia nyumba, watu wahame vyumba vya upande huo mpaka fundi afike. Wahenga walisema kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta; na katika miteremko ya Kibugu, asiyeutazama ufa huenda akaijenga na nyumba pia.