Neno "Unga" katika Maandishi ya Pakiti: Haja ya Mgonjwa wa Seliaki

Seliaki ni ugonjwa ambao gluteni, yaani protini iliyomo katika ngano, shayiri na rai, husababisha mwili kuushambulia utumbo wake wenyewe. Tiba yake hadi sasa ni moja: kujiepusha na gluteni maisha yote. Kwa hiyo usalama wa mgonjwa hutegemea maneno anayoyasoma.

Katika mtaa wa Rwambuzi, mjini Bunia, vyakula vya kila siku havimdhuru: ugali wa muhogo kwa sombe, wali, ndizi na maharage havina gluteni. Tatizo huanzia dukani. Neno "unga" peke yake halitaji asili yake. Laweza kuwa la muhogo, la mahindi au la ngano. Pakiti nazo huandikwa Kifaransa au Kiingereza, na msomaji hukutana na "blé", "froment" na "wheat", maneno matatu kwa ngano ile ile. "Kimea" nacho kina utata: kijijini ni cha mtama au ulezi, lakini "malt" ya kiwandani kwa kawaida ni ya shayiri.

Kwa mujibu wa kiwango cha kimataifa cha Codex kilichorekebishwa mwaka 2008, chakula kiitwacho "bila gluteni" hakipaswi kuwa na zaidi ya miligramu 20 za gluteni kwa kilo. Hata hivyo, kiwango hicho hakimfai asiyeielewa lugha ya pakiti. Mfasiri, basi, hana budi kuitaja nafaka yenyewe: "unga wa ngano", "kimea cha shayiri". Akiandika "unga" tu, amemficha mgonjwa neno lile lile alilolitafuta.