Je, Wajua? Mtoto Mchanga Hujifunza Lugha kwa Kujibiwa
Mwaka 2003, Patricia Kuhl na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, walionyesha kwamba watoto wa miezi 9 waliolelewa kwa Kiingereza, baada ya kuchezewa na kusomewa kwa Kimandarini katika vipindi 12 na mtu aliyekaa mbele yao, waliweza kutofautisha fonimu za lugha hiyo, yaani sauti zinazobadili maana ya neno, ilhali wenzao waliotazama wasomaji walewale kwenye video hawakuweza. Kinachokosekana katika video ni mwitiko, yaani mlezi kufuata macho ya mtoto na kumjibu kila anapotoa sauti. Kwa hiyo mzazi anayewasha video na akae kando ya mtoto, amtajie kinachoonekana, kisha amngoje ajibu.