Kwa nini vidonge vya utafiti hugawiwa kwa kura

“Daktari, na mimi nitapewa ile dawa yenyewe au ile nyingine?”

Swali hili huulizwa sana na kina mama wanapoombwa kujiunga na utafiti kliniki, iwe Mbagala, Tandale au Mwananyamala. Jibu la kweli huwashangaza wengi: daktari hajui, muuguzi hajui, na hakuna mtu pale kliniki anayejua. Kura ndiyo iliyoamua.

Wapo wanaosikia jibu hilo wakaona wanachezewa. Mtaani utasikia watu wakisema, “Wanatufanya panya wa maabara.” Hofu hiyo haifai kubezwa, kwa sababu mwili ni wako na mimba ni yako. Lakini kura hiyo haikuwekwa kwa mzaha. Imepangwa na mtaalamu ambaye mgonjwa hamwoni kamwe, naye ni mtakwimu wa afya. Kazi yake kubwa huifanya kabla mgonjwa wa kwanza hajameza kidonge cha kwanza, na lengo lake ni moja: kuhakikisha kwamba mwisho wa safari tutajua kwa hakika kama dawa inasaidia, haisaidii, au inadhuru.

Wiki hii tuiangalie kazi hiyo kwa mifano ya tafiti zilizofanyika hapahapa Dar es Salaam.

Kwa nini usichague mwenyewe?

Tuseme tunataka kujua kama vidonge fulani vya lishe huwasaidia wajawazito. Tunawaacha wanaotaka wameze, wasiotaka waache. Baada ya miezi tisa tunakuta waliomeza wamejifungua watoto wenye uzito mzuri zaidi. Je, ni vidonge?

Huenda ndivyo. Lakini huenda pia waliokubali kumeza ndio wenye nauli ya kufika kliniki kila mwezi, wanaokula milo mitatu na wenye mume anayewakumbusha. Huenda waliokataa ni wale wanaouza genge toka alfajiri hadi usiku. Hapo tutakuwa tumelinganisha maisha na maisha, tukadhani tumelinganisha kidonge na kidonge.

Kura huondoa tatizo hilo. Ukiwagawa watu wengi kwa kura, wenye nauli na wasio nayo, wanaokula vizuri na wanaokula kwa shida, watajikuta wametawanyika karibu sawa katika makundi yote. Tofauti inayobaki ni kidonge.

Wasomaji wengi wanakumbuka mwaka 2011, maelfu ya watu walipopanda magari kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Mchungaji Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500. Waliopata nafuu walitoa ushuhuda, na waliozidiwa hawakuwa na wa kuwasimulia. Kwa kuwa kila aliyefika alikunywa, hapakuwa na kundi la kulinganisha nalo. Ushuhuda hata uwe wa watu elfu moja, haujibu swali hili: wangekuwaje kama wasingekunywa?

Vitamini zilizotushangaza

Kati ya mwaka 1995 na 1997, wajawazito 1,075 wenye VVU jijini Dar es Salaam waliandikishwa katika utafiti wa vitamini. Wakati huo dawa za ARV hazikuwa zikipatikana katika kliniki zetu, na kila kitu cha bei nafuu kilichoweza kumsaidia mama na mtoto kilikuwa tumaini. Utafiti uliongozwa na Wafaie Fawzi wa Chuo Kikuu cha Harvard pamoja na wenzake wa Muhimbili, akiwamo Gernard Msamanga. Katika jopo hilo alikuwamo pia Donna Spiegelman, mtaalamu wa takwimu za afya.

Walikuwa na maswali mawili. Je, vitamini A inasaidia? Je, mchanganyiko wa vitamini nyingine, kama B, C na E, unasaidia? Badala ya kufanya tafiti mbili, waliwagawa kina mama kwa kura katika makundi manne. Kundi la kwanza lilipata vitamini A peke yake, la pili mchanganyiko usio na vitamini A, la tatu vyote viwili, na la nne plasebo, yaani kidonge kinachofanana na dawa lakini hakina dawa ndani yake. Kwa mpango huo, kila mama alisaidia kujibu maswali yote mawili. Fedha ziliokolewa, na muda pia.

Matokeo yalitangazwa mwaka 1998. Miongoni mwa waliopata mchanganyiko wa vitamini, mimba 30 ziliharibika au watoto walizaliwa wafu, dhidi ya 49 kwa wasioupata. Watoto wenye uzito pungufu walipungua kwa asilimia 44. Vitamini A haikuonyesha faida hizo. Mwaka 2004 ikaripotiwa kwamba mchanganyiko huo ulichelewesha pia ugonjwa kwa kina mama wenyewe: asilimia 24.7 ya waliopata mchanganyiko huo peke yake walifikia hatua ya UKIMWI au kufariki, dhidi ya asilimia 31.1 ya waliopata plasebo.

Kisha likaja jambo ambalo wengi hawakulitarajia. Ufuatiliaji wa watoto, uliochapishwa mwaka 2002, ulionyesha kwamba hatari ya mtoto kuambukizwa VVU kutoka kwa mama ilikuwa kubwa kwa asilimia 38 pale mama alipopewa vitamini A.

Hebu tutafakari hapo. Kabla ya utafiti, daktari mwema angeweza kumpa mama huyo vitamini A kwa moyo safi kabisa, kwa kuwa inajenga mwili, inalinda macho na si ghali. Mtoto angeambukizwa, na kila mtu angesema ni bahati mbaya, kwani wengine wengi nao waliambukizwa. Madhara ya aina hiyo hayaonekani kwa mgonjwa mmoja mmoja. Yanaonekana tu unapohesabu makundi mawili yaliyogawanywa kwa haki. Kundi la plasebo, ambalo watu hulihurumia kwamba “limenyimwa”, ndilo lililotuonyesha hatari.

Hapa nisieleweke vibaya. Matone ya vitamini A wanayopewa watoto wa miezi 6 hadi miaka mitano ni jambo jingine, nayo yana faida. Wapeleke watoto. Na mama mwenye VVU leo ana ARV, ambazo ndizo kinga kuu ya mtoto wake.

Kwa nini watu wengi hivyo?

Swali la pili ambalo mtakwimu hulijibu ni idadi. Watu wangapi wanatosha?

Baada ya utafiti wa kwanza, watafiti walitaka kujua kama mchanganyiko wa vitamini ungewasaidia pia wajawazito wasio na VVU. Safari hii waliandikisha wanawake 8,468 wa Dar es Salaam. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2007 yalionyesha kwamba watoto wenye uzito pungufu walikuwa asilimia 7.8 kwa waliopata vitamini na asilimia 9.4 kwa waliopata plasebo.

Tofauti hiyo inaonekana ndogo. Fanya hesabu ya sokoni: kwa kila kina mama 1,000, watoto 16 waliepuka kuzaliwa na uzito pungufu. Kwa jiji lenye uzazi mwingi kama letu, hao ni watoto wengi. Sasa fikiria kama utafiti ungekuwa na kina mama 100 tu kila upande. Tungepata watoto kama 8 upande huu na 9 upande ule, na hakuna ambaye angejua kama ni dawa au ni bahati. Utafiti mdogo kupita kiasi huwasumbua watu kwa sindano na safari, kisha haujibu kitu. Mkubwa kupita kiasi nao huwaweka watu wengi kwenye hatari bila sababu na kula fedha za umma. Mtakwimu hukokotoa idadi inayotosha kabla ya kazi kuanza.

Jambo jingine analoliweka mapema ni kipimo cha ushindi. Huandikwa kabisa: tutahesabu nini, lini, na kwa njia gani. Ni sawa na kusimika magoli kabla mpira haujaanza. Ukiruhusu watu wasimike magoli baada ya mechi, kila timu itakuwa imeshinda, na kila dawa itakuwa imefanya kazi. Hata mama aliyeacha vidonge njiani, au aliyehamia Chanika na kliniki ikawa mbali, huhesabiwa katika kundi alilopangiwa na kura. Ukimwondoa, umeanza tena kuchagua.

Breki za utafiti

Baada ya ARV kufika, ilikuwa rahisi kuamini kwamba kama vitamini zilisaidia bila ARV, basi dozi kubwa pamoja na ARV ingesaidia zaidi. Kuanzia mwaka 2006 watu 3,418 waliokuwa wakianza ARV jijini Dar es Salaam waligawanywa kwa kura, wengine wakapata vitamini za dozi kubwa, wengine dozi ya kawaida.

Utafiti wa namna hiyo huwa na kamati huru ya usalama, ambayo hupewa takwimu za makundi njiani wakati watafiti wenyewe hawazioni. Machi 2009 utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake, kwa sababu kipimo kimoja cha ini kilikuwa kikipanda zaidi kwa waliopata dozi kubwa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012 yalionyesha pia kwamba dozi kubwa haikupunguza vifo wala kuzuia ugonjwa kusonga mbele kuliko dozi ya kawaida.

Nawaomba wasomaji wanaotumia ARV mlishike hilo. Kila siku kuna mtu anayeuza makopo ya “virutubisho vya kuongeza kinga” stendi na mitandaoni, kwa bei ya kumaliza mshahara. Kwamba kitu ni vitamini hakumaanishi kwamba kikizidi hakidhuru. Muulize daktari wako kabla hujanunua.

Kidonge kimoja au vitatu?

Si kila utafiti hutafuta dawa bora zaidi. Wakati mwingine swali ni kama njia nyepesi inatosha. Shirika la Afya Duniani hupendekeza wajawazito wa maeneo yenye upungufu wa kalsiamu wapewe miligramu 1,500 hadi 2,000 kwa siku ili kuzuia kifafa cha mimba. Hivyo ni vidonge vingi kwa mama mwenye kichefuchefu, na ni gharama kwa serikali.

Wajawazito 11,000 wa Dar es Salaam, na wengine 11,000 wa Bangalore nchini India, wote wakiwa na mimba ya kwanza, walishiriki utafiti wa kulinganisha miligramu 500 na 1,500. Kila mama alimeza vidonge vitatu kwa siku. Wa dozi ndogo walipata kimoja chenye kalsiamu na viwili vya plasebo, ili asiwepo wa kujua. Matokeo yalichapishwa Januari 2024. Hapa Tanzania, shinikizo la mimba linaloelekea kwenye kifafa lilitokea kwa asilimia 3.0 ya waliopata dozi ndogo na 2.7 ya waliopata kubwa, tofauti iliyo ndani ya kiwango kilichokubaliwa mapema kwamba hazipishani. Kwa kuzaliwa kabla ya wakati, asilimia zilikuwa 10.4 na 9.7. Hapo watafiti wa Tanzania hawakuweza kusema kwa uhakika kwamba dozi ndogo inatosha, na waliandika hivyo. Huo ndio uaminifu ambao magoli yaliyosimikwa mapema hulazimisha.

Mara nyingine kura hupigwa kwa vituo badala ya watu. Utafiti wa mwaka 2016 na 2017 ulihusu wahudumu wa afya wa jamii kuwapelekea ARV nyumbani wagonjwa wenye hali nzuri. Vituo 48 vya Dar es Salaam viligawanywa kwa kura, nusu kwa nusu, vikiwa na washiriki 2,172. Kituo kimoja kisingeweza kuendesha mifumo miwili bila kuchanganya mambo. Lakini wagonjwa wa kituo kimoja hufanana, kwa hiyo huwezi kutumia vituo viwili tu. Ukionja vijiko 20 vya pilau kutoka sufuria moja, umejua sufuria moja. Matokeo: walioshindwa kudhibiti virusi walikuwa asilimia 9.7 kwenye vituo vya kupelekewa nyumbani na 10.9 kwenye vituo vya kawaida. Kupelekewa nyumbani hakukuwa duni.

Ukiombwa kushiriki

Una haki ya kuuliza, na kuuliza si utovu wa adabu. Uliza haya:

Je, utafiti una kibali? Kwa Tanzania Bara, utafiti wa dawa kwa binadamu unahitaji kibali cha maadili kupitia Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) na kibali cha Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA).

Makundi ni yapi, na kila kundi linapata nini? Kama kuna plasebo, hakikisha hutanyimwa tiba ambayo tayari inajulikana kusaidia.

Nani anaangalia usalama, na utafiti unaweza kusimamishwa lini?

Nikiumia, nani atanitibu na kwa gharama ya nani?

Naweza kujitoa? Jibu lazima liwe ndiyo, wakati wowote, bila kupoteza huduma zako za kawaida.

Fomu ya ridhaa iwe kwa Kiswahili unachokielewa. Kama husomi, ombe shahidi unayemwamini akusomee. Ondoka na nakala yako.

Ukipata majibu yasiyoeleweka, kataa, na hakuna atakayekulaumu. Ukipata majibu yanayoeleweka, ukakubali, na kura ikakupeleka usikokujua, fahamu kwamba hujaangukia kundi la waliosahaulika. Vidonge anavyopewa mjamzito wa leo, na vile ambavyo hapewi tena, viliamuliwa kwa msaada wa wanawake wa jiji hili waliokubali kutokujua.