Damu ya Panya katika Hewa Nyepesi: Vimeng'enya na Mwinuko wa Kuigiza

Base ya Kamina, katika Haut-Lomami, iko kwenye mwinuko wa mita 1,100 hivi kutoka usawa wa bahari. Wabelgiji waliijenga baada ya Vita Kuu ya Pili, na katika miaka ya 1950 marubani wa jeshi lao la anga walifunzwa huko. Rubani aliyeondoka kwenye uwanja huo alianza safari ilhali kanieneo ya hewa imekwisha kupungua: ilikuwa asilimia 88 hivi ya ile ya pwani. Kwenye mita 5,500 hubaki nusu tu. Makala haya yanaeleza jinsi athari ya hali hiyo inavyochunguzwa kwa wanyama wa maabara, na kwa nini namba zinazopatikana katika damu yao zahitaji kusomwa kwa hadhari.

Panya huwekwa katika chumba cha chuma kilichofungwa barabara, kisha pampu ikavuta hewa polepole hadi kanieneo ilingane na ile ya mwinuko unaotakiwa. Mnyama hajapanda mlima wowote, lakini mapafu yake yamo juu ya Ruwenzori. Njia hii ni kongwe. Mfaransa Paul Bert aliitumia, na katika kitabu chake cha mwaka 1878 alionyesha kwamba kinachodhuru hasa ni uhaba wa oksijeni, wala si upungufu wa kanieneo wenyewe. Crocé-Spinelli na Sivel, ambao walikuwa wamejaribiwa katika chumba chake, walifia angani ndani ya puto la Zénith mwaka 1875.

Kwa nini basi wachunguzi hupima vimeng'enya? Istilahi hii imetokana na kitenzi kumeng'enya, na kwa mate au utumbo yafaa sana. Kwa damu yaweza kupotosha kidogo, kwani laktati dehidrojenasi, kwa mfano, haimeng'enyi chakula. Kazi yake ni kugeuza piruvati kuwa laktati na kinyume chake, hasa pale oksijeni inapokosekana. Makazi yake ni ndani ya seli. Seli ikikosa oksijeni hupungukiwa na nishati, pampu za utando wake hulegea, nayo huvimba na kuvuja. Hapo kimeng'enya huonekana katika maji ya damu, kama unga unaomwagika kutoka gunia lililotoboka.

Lakini unga ukionekana sakafuni haujulikani umetoka gunia lipi. Laktati dehidrojenasi ina maumbo matano: la kwanza limejaa zaidi moyoni na katika seli nyekundu, la tano katika ini na misuli. Kiasi cha jumla peke yake hakitofautishi moyo ulioumia na damu iliyochotwa vibaya, seli nyekundu zikapasuka ndani ya sindano. Tena, uhaba wa oksijeni wa siku nyingi huamsha jeni zinazoongeza utengenezaji wa kimeng'enya hiki; utaratibu huo ndio uliowapatia Semenza, Ratcliffe na Kaelin Tuzo ya Nobeli mwaka 2019. Kwa hiyo wingi wake ndani ya misuli waweza kuwa dalili ya mwili kuzoea, si ya kuumia.

Hofu na njaa nazo huingia katika hesabu. Panya aliye kwenye hewa nyepesi hula kidogo, na kufunga peke yake huweza kubadili vimeng'enya vya ini. Hivyo kundi la kulinganishia halitoshi kukaa kwenye kizimba chake cha kawaida. Sharti liingizwe katika chumba kilekile, lisikie ngurumo ileile ya pampu, lipewe chakula kilichopimwa sawa, ila hewa yake isipunguzwe.

Na hewa isiyopunguzwa ni ipi? Panya aliyezaliwa Kamina na aliyezaliwa Dar es Salaam hawaanzi mahali pamoja. Mchunguzi akiandika tu kwamba alipandisha wanyama mita 4,000, bila kutaja alianzia wapi wala kanieneo iliyosomwa kwenye kipimo, msomaji hawezi kujua kama mita hizo zimehesabiwa kutoka baharini au kutoka sakafu ya maabara.